Sifa za Mtoto Asiyelia

Kule korongoni walikojificha, mtoto aliyesifiwa kuliko wote ni yule asiyelia. Kwingineko watu humsifu mtoto kwa unene, au kwa nywele nyingi, au kwa kufanana na babu yake. Wao walisifu kimya. Askari waliochoma kijiji chao walikuwa wakipita juu mgongoni mwa mlima wakati wowote wapendao, na kilio kimoja kikipanda pamoja na ukungu wa asubuhi kingetosha kuwashusha wote na bunduki zao. Kwa hiyo Lah Say, mwana wa Blay Paw, alipoacha kulia, watu walitoka chini ya maturubai yao wakaja kumtazama.

"Huyu ndiye mtoto," alisema Mzee Tamla, aliyewaongoza wote siku waliyokimbia kijiji. "Ana akili kuwashinda watu wazima ninaowajua."

"Unanisema mimi?" mkewe akauliza.

"Nani kakutaja? Mwenye lake hujishuku."

Watu wakacheka kile kicheko cha korongoni, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Blay Paw akacheka kuliko wote. Alikuwa na haki ya kucheka. Mwanawe alizaliwa na koo la jogoo, na kwa ajili ya koo hilo walikuwa wamewapeleka mama na mtoto mwisho wa korongo, karibu na maporomoko, ili maji yameze sauti. Huko Blay Paw alilala na mama mkwe wake na wifi yake kwenye unyevu usiokauka, matandiko yakiota ukungu. Sasa Mzee Tamla mwenyewe alikuwa amekuja kuwaambia warudi katikati, penye mwamba mkavu, wakae na wenzao.

Asiyecheka alikuwa wifi yake, Hser Mu.

Alikuwa amekaa pembeni na ungo wa mchele mapajani, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto. Lah Say alikuwa amefungua kinywa. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho, ulimi ulitetemeka, tumbo lilipanda na kushuka. Kila kitu cha kilio kilikuwepo isipokuwa kilio chenyewe. Hser Mu akaona wazi kwamba mtoto hakuwa ameacha kulia. Alikuwa analia, ila sauti haitoki.

Na yeye alikuwa ameyaona hayo kabla.

Mvua zilipoanza, naye alikuwa na mtoto, wa kike, jina lake Paw Wah. Baba yake mtoto alichukuliwa na askari kubeba mizigo na hakurudi. Paw Wah naye alikuwa na sauti, kisha sauti ikaenda ikipungua, ikawa kama mlio wa panya, ikawa pumzi tupu. Naye alisifiwa. Watu walimwambia Hser Mu kwamba amebarikiwa, na Hser Mu akaamini, maana nani anakataa baraka akiwa amejificha chini ya mwamba?

Ndipo siku moja askari wakashuka hadi kijitoni kuchota maji. Watu wote walilala kifudifudi ndani ya majani. Kila mama aliweka mkono mdomoni mwa mwanawe, na Hser Mu akauweka wa kwake. Hakukuwa na sauti ya kuziba, lakini hofu haiulizi maswali. Askari walikaa wakanywa, wakavuta sigara, wakaosha miguu. Walipoondoka, Hser Mu aliinua mkono wake, na mtoto alikuwa amekwisha.

Walimzika kwenye mianzi. Hakuna aliyemwambia, "Umemuua." Hakuna pia aliyemwambia, "Hukumuua." Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa kama kitu cha kuazima. Alikula wali kwa mkono wa kushoto, na mama yake, ambaye zamani angempiga kofi kwa adabu mbaya kama hiyo, aligeuza uso pembeni asione.

Kitovu cha Paw Wah kilikuwa bado kipo, ndani ya kipande cha mwanzi, kimefungwa kwenye mti mmoja juu ya kijito. Ndivyo walivyofanya tangu wahenga: mti ulioshika kitovu cha mtoto haukatwi, kwa kuwa roho ya mtoto imeegemea hapo. Mzee Tamla alipokata nguzo za vibanda aliupita mti huo kwa heshima, ingawa ulikuwa umenyooka kuliko yote.

Chakula kilikuwepo, hilo lazima lisemwe. Watu wema wa ng'ambo ya mto walikusanya mchele, wanaume wakaupandisha mlimani mgongoni. Kaka yake Hser Mu, yaani mume wa Blay Paw, alikuwa mmoja wa wabebaji, ndiyo maana hakuwepo. Ulikuwa mchele mweupe kama meno ya mtoto. Kijijini kwao walikuwa wakitwanga mpunga wa mlimani kwa kinu cha mguu, na mchele wake ulitoka mwekundumwekundu, na pumba zake. Kinu kiliungua pamoja na nyumba. Mama yake Hser Mu, mkwe wa Blay Paw, alipouona mchele wa ng'ambo kwa mara ya kwanza aliutia mkono hadi kiwikoni.

"Hata wafalme hawakula hivi," alisema. "Na mimi nitaula pangoni, kama popo."

Aliuosha, akamwaga maji, akauosha tena mpaka maji yakawa safi kama ya chemchemi, kisha akawapikia binti na mkwewe waliokuwa wametoka kujifungua. Kwao mwanamke aliyejifungua hali kila kitu. Anakula wali na chumvi, na tangawizi ya kukausha. Maharage yatamvimbisha tumbo, majani ya porini yataharibu maziwa, boga litampa baridi ya mifupa, nyama itamrudishia damu. Ndivyo alivyolelewa mama yao, na mama wa mama yao. Muuguzi wa kituo cha mtoni, Khu Paw, ambaye kwa heshima huitwa Tharamu, aliwahi kupanda na mfuko wa maharage ya njano akasema ni ya wanawake wanaonyonyesha. Mama akaitikia kila neno kwa kichwa, maana mgeni habishiwi. Tharamu alipopita kilimani kuondoka, maharage yakachemshwa kwa watoto wakubwa na wazee, na mengine yakabadilishwa kwa tambuu na popoo. Haikuwa kwa ubaya. Yeye mama mwenyewe alikula chenga zilizobaki kwenye ungo ili binti yake na mkwewe wapate punje nzima.

Jioni ile, walipokwisha kuhamia penye mwamba mkavu, Hser Mu alimfuata mama yake alipokuwa akiosha mchele.

"Mama, mtoto wa Blay Paw hana sauti."

"Ndiyo. Mungu kaona shida zetu."

"Na uso umejaa. Hapa, chini ya macho."

"Ananenepa."

"Paw Wah naye alinenepa hivyo hivyo."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya maji. "Usimtaje," alisema polepole. "Mbele ya mtoto anayenyonya, usimtaje aliyetangulia. Unataka kumwitia njia?"

Blay Paw alikuwa amesikia. Alikuwa mtu wa maneno mepesi, mwenye kucheka hata anapojikwaa, na maneno yake mara nyingi yalimtoka kabla hajayatazama.

"Wifi, kama ni wivu sema tu," alisema. "Nitakuazima mtoto, ukichoka unirudishie."

 Blay Paw mwenyewe akajishika mdomo. Hser Mu akainama akaokota kuni iliyokuwa imeanguka, akairudisha jikoni, akaenda kukaa kwenye jiwe lake.  Alijua kwamba ulimi wa wifi yake hauna mfupa wala sumu. Lakini kile alichokihofia hakikuwa kimeondoka. Aliendelea kumtazama mtoto.

Siku iliyofuata Lah Say alikataa ziwa. Alilishika, akaliacha, akageuza kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu, na kila pumzi ilitoka na mguno mdogo, kama wa mtu mzima anayepanda mlima na gunia. Blay Paw hakucheka tena.

"Wifi," alisema. "Wifi, njoo umwone."

"Namwona tangu jana."

"Ni nini?"

"Sijui ni nini. Najua mwisho wake." Kisha akamshika bega. "Tunakwenda mtoni kwa Tharamu. Sasa hivi, ukungu haujainuka."

Mzee Tamla aliposikia akaja na tambuu shavuni, akasimama njiani.

"Hamwendi popote. Jana zilisikika bunduki upande ule. Njia imetegwa mabomu, kila mtu anajua. Na mtoto akianza kulia mkiwa katikati yao?"

"Baba Tamla," Hser Mu akasema, "laiti angelia."

Mzee alimtazama mtoto. Alikuwa na wajukuu wawili chini ya mwamba ule ule, na watu wote wale walikuwa shingoni mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alitema mate mekundu pembeni.

"Nikiwaruhusu, kesho atakuja mwingine."

"Paw Wah alipokuwa hivi nilikaa," alisema Hser Mu. "Nilikaa kwa sababu wote mlisema ni mtoto mwema. Leo sikai."

Watu waliokuwa karibu wakaangalia chini. Hilo jina lilikuwa halijatamkwa hadharani tangu mazishi. Mzee Tamla akapisha.

"Msipite njia ya watu," alisema. "Piteni ya wale nyati wa kufugwa wa jirani zetu kina Ner Soe, waliopotea wakati wa kukimbia. Bado wanashuka mtoni kunywa. Tafuteni kinyesi chao. Pale alipokanyaga nyati akapita salama, nyinyi ni wepesi kuliko yeye." Akamtazama mkewe, akajaribu utani wake uleule wa kila siku. "Baadhi yenu." Hakuna aliyecheka.

 Mama yao alifungasha wali na chumvi kwenye jani, akampa Blay Paw.

Wakaenda. Hser Mu ndiye aliyembeba mtoto kifuani kwa shuka, kwa kuwa Blay Paw hakuweza. Miguu ilikuwa imemlemea kwa wiki kadhaa, naye alidhani ni uchovu wa uzazi. Walipovuka kijito cha kwanza ruba walimpanda hadi magotini, wanene, weusi, na Blay Paw akawa hawasikii kabisa.

"Hawaniumi," alisema kwa mshangao. "Wifi, nyama hii si yangu."

"Nyamaza, utembee."

"Jana nilisema maneno mabaya."

"Ulisema."

"Sikuwa na maana."

"Najua. Tembea. Weka mguu pale, penye kwato. Si hapo. Pale."

Njia ya nyati ilikuwa tope na miiba. Mahali pengine ilipotea kabisa, wakasimama, wakanusa, wakatafuta kinyesi kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka. Hser Mu aliweka shavu lake juu ya kichwa cha mtoto kila baada ya muda kusikia ule mguno. Ulipokuwepo aliuchukia, na ulipokawia alitaka kupiga kelele.

Walikuwa wamekwisha kuanza kuteremka upande wa mto waliposikia sauti za wanaume.

Wakaanguka kichakani. Askari walikuwa wakija kwa njia ya juu, wengi, wakiongea bila kujificha, kama watu wenye nchi. Mmoja alikuwa akipiga mluzi. Sauti zao zilikuwa changa. Blay Paw alilala kando ya Hser Mu, uso kwenye tope, na akawa ananong'ona bila kupumua: "Mzibe, wifi. Mzibe mdomo. Mkono, wifi, mkono!"

Mkono wa kulia wa Hser Mu ukainuka. Hakuuamuru, uliinuka wenyewe kama mbwa anayejua kazi yake. Chini yake kinywa cha Lah Say kilikuwa wazi, na machozi yalikuwa yakimtiririka sikioni. Kama sauti ile ingerudi sasa hivi, kwa bahati tu, wote watatu wangekwisha pale pale, na pengine wale wote wa korongoni. Hser Mu alilijua hilo. Alitazama kiganja chake, kilivyokaribia. Kisha akakigeuza, akakipitisha chini ya shuka, akakiweka mgongoni mwa mtoto, kwenye vimbavu vidogo vilivyokuwa vikienda mbio, na kwa mkono wa pili akalifungua shuka usoni ili apate hewa.

Mluzi ulipita. Ulipita juu yao, ukapinda na njia, ukafifia. Blay Paw alikuwa akiuma tope.

"Hukumziba," alisema walipoinuka.

"Sikumziba."

"Je, angelia?"

Hser Mu akaweka shavu kichwani mwa mtoto kusikia ule mguno, akaanza kuteremka.

Kituo kilikuwa kibanda cha mianzi chini ya miti mikubwa karibu na kivuko, na watu walikuwa wameketi mbele yake wakisubiri, mama na watoto, vikapu, kikongwe mmoja mwenye bandeji kichwani. Waliposikia ule mguno wakasogea wenyewe, wakawapisha. Tharamu Khu Paw alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alimpokea mtoto, akamweka sikio kifuani, akabonyeza tumbo chini ya mbavu, na kabla hajasema lolote akamgeukia Blay Paw.

"Unakula nini, mdogo wangu?"

"Wali, Tharamu."

"Na nini?"

"Chumvi."

"Na nini tena?"

"Tangawizi," Blay Paw akasema, kwa fahari kidogo, maana wengine walikuwa hawana hata tangawizi. "Mama mkwe ananitunza sana. Chakula cha mzazi."

Tharamu akapiga magoti akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba, na kidole kilipoondoka pakabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Hakugomba. Akavunja kichupa kidogo, akavuta dawa, akamchoma mtoto pajani. Lah Say akafungua kinywa, akalia kilio chake kisichosikika.

"Sasa tunangoja," alisema.

Wakangoja. Mvua ilianza, ikapiga majani ya paa, ikaacha. Tharamu alihudumia wengine, akirudi kila mara kumtazama. Hser Mu hakuondoa macho. Alikuwa ameshawahi kumtazama mtoto akienda, na hakujua kama mtu anaweza kumtazama mtoto akirudi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa kivukoni walipokuwa wakiwasha moto wa kupika, mguno ulikuwa umelegea. Midomo ikapata rangi. Kisha Lah Say akageuza kichwa kutafuta, akapata ziwa, akalishika asiliachie, na Blay Paw akaanza kutetemeka mwili mzima kwa kilio huku akijitahidi asimtikise.

Hser Mu alimfuata Tharamu alipokuwa akisuuza mikono.

"Ni ugonjwa gani?"

"Njaa," alisema Tharamu. "Lakini ya mtu aliyeshiba. Mchele ule mweupe umevuliwa nguo zake zote, nguvu imebaki na pumba huko mashineni, na mabaki yake yanamwagwa na maji ya kuoshea. Mama akila huo peke yake, maziwa yanakuwa mengi lakini hayana kitu. Kwanza sauti ya mtoto inakwenda, uso unajaa, kisha moyo unachoka ghafla. Maharage yangezuia. Niliwaletea maharage huko kwenu, sikuleta?"

"Uliyaleta."

Tharamu aliona kitu usoni mwake, akaacha kuuliza yalikwenda wapi. "Mama yangu naye alinilisha wali na chumvi," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nikimla kuku kwa siri, nyuma ya nyumba, na kuomba msamaha kwa mizimu. Sikuwa na elimu wakati huo. Nilikuwa mlafi tu."

Siku nyingine Hser Mu angecheka.

"Mtoto," alisema, "akiwa amepoteza sauti kwa siku kadhaa. Na uso umejaa. Halafu mama yake akaweka mkono mdomoni mwake, wakati wa askari. Akafa." Alikitazama kiganja chake cha kulia. "Ni kipi kilichomuua?"

Tharamu alikausha mikono yake polepole, kidole kwa kidole.

"Sikumwona," alisema. "Nikisema najua nitakuwa mwongo. Lakini wa wifi yako alikuwa hivyo hivyo, na angemchelewesha leo mpaka kesho, angekufa bila mtu kumgusa mdomo."

"Na sindano ile ingemrudisha?"

"Mara nyingi humrudisha."

Hser Mu akashukuru kwa adabu, akateremka hadi mtoni. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, ukibeba magogo na povu. Akakaa kwenye jiwe. Alidhani angejisikia mwepesi, kwa kuwa mzigo alioubeba tangu mwanzo wa mvua sasa ulikuwa umetiliwa shaka. Badala yake alikiona akilini kile kichupa kidogo, kilichotosha kufichika ndani ya ngumi ya mtoto, na ule mfuko wa maharage wenye fundo la kamba ambao alikuwa ameusogeza yeye mwenyewe jikoni ili apate nafasi ya kuweka chungu. Alilia hapo kwa sauti, kwa kuwa kivukoni watu walikuwa wengi na mto ulikuwa na makelele, na hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Hakuwa amepata kumlilia Paw Wah kwa sauti.

Asubuhi Blay Paw alimwamsha kwa kumsukuma.

"Sikiliza! Wifi, sikiliza!"

Ilikuwa sauti mbaya, ya kukwaruza, kama bawaba yenye kutu. Ilikatika, ikarudi.

"Analia," Blay Paw alisema huku akicheka na pua ikimtiririka. "Analia kama chura aliyekanyagwa!"

"Mtoto mzuri," alisema Hser Mu, na lilikuwa neno la kwanza la sifa alilopata kumpa.

Waliporudi, siku ambayo watu wa mtoni walisema njia ni tulivu, walibeba vidonge vya wote wanaonyonyesha na maharage kadiri ya nguvu zao. Mtoto alilala kifuani kwa Hser Mu. Karibu na korongo Hser Mu akasimama.

"Mama asijue," alisema.

"Asijue nini?"

"Kuhusu Paw Wah. Mwambie kwamba Tharamu kasema tule maharage, basi. Ni mzee. Alitupa punje nzima akala chenga."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ubaki na mkono wako?" Blay Paw akasema. Hser Mu akamtazama. "Unadhani hatuoni unavyokula? Sote tunaona, wifi. Hatukujua la kusema tu."

Mzee Tamla ndiye aliyewasikia kwanza, au tuseme alimsikia Lah Say, ambaye aliamua kutangaza kurudi kwake. Mzee akatabasamu kwanza, kisha tabasamu likamwishia usoni. Akajikuna shingo.

"Nimefurahi," alisema. "Kweli nimefurahi. Lakini mnajua atalazimika kurudi kule kwenye maporomoko."

"Tunajua, Baba Tamla," Hser Mu akajibu. "Nitalala naye."

Mama alikuwa kijitoni. Akampokea mjukuu, akamnusa shingoni, akamsikiliza akikwaruza. Walipokwisha kuweka mizigo akawakaribia. Alitazama maharage yakimwagwa kwenye ungo.

"Alisema nini?"

"Kasema tule maharage," alisema Hser Mu. "Hasa wanaonyonyesha. Tuchanganye na wali, na mchele usioshwe sana."

"Kwa nini?"

"Yanatia nguvu."

"Na mtoto alitiwa dawa gani?"

"Sindano ya nguvu."

Mama akachukua punje moja ya harage, akaizungusha kati ya vidole vyake. Alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa amezaa watoto wengi na kuzika baadhi yao, na hakuna aliyewahi kumdanganya akafika mbali.

"Sauti ya Paw Wah nayo ilikwenda," alisema.

Hser Mu akaendelea kuchambua maharage.

"Na uso ulijaa. Uliniambia. Nikasema ananenepa." Aliiweka punje chini. "Nilikuoshea mchele mpaka maji yakawa safi."

"Ni vita, mama. Kinu kiliungua."

"Usinipe vita," alisema mama. "Kila mtu hapa anapewa vita. Maharage yalikuwa jikoni mwangu."

Akayapika mwenyewe. Alichukua muda mrefu, akachochea, akaonja, akatia chumvi kama mtu anayepikia wageni. Alimpakulia Blay Paw bakuli likajaa, akasimama mbele yake mpaka lilipokwisha. Kisha akachota mengine, akayaweka kwenye jani la mgomba wa porini, akalikunja, akaanza kupanda juu ya kijito, akishika mizizi kwa mkono mmoja.

Hser Mu alimfuata kwa mbali. Mwanzi wa Paw Wah ulikuwa pale ulipofungwa, umeota kijani kwa mvua. Mama aliweka jani chini ya mti, akalifungua ili mvuke utoke, akachuchumaa. Hakulia. Alikuwa akisema kitu, chini chini, kama mtu anayebembeleza mtoto aliyesusa kula.

"Njoo ule. Nimechelewa, najua. Njoo, bado ya moto."

Hser Mu akachuchumaa kando yake. Kutoka mwisho wa korongo, juu ya sauti ya maji, Lah Say akaanza tena, akikwaruza kwa hasira. Mtu mmoja huko chini akafanya "sss!", kisha na yeye akanyamaza. Mama akanyoosha mkono bila kutazama, akatafuta mkono wa kulia wa binti yake, akautia maharage machache kiganjani.

"Kula," alisema. "Kwa huu huu."

Hser Mu akala.